Valvu Niliyompelekea Maganga

Vumbi linaloungua juu ya kioo cha moto lina harufu yake, kavu na yenye ukali kidogo, na mimi nikiisikia popote narudi Isevya, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Humo ndimo baba yangu, Fundi Mrisho, alimotengenezea redio na amplifaya za magitaa. Kila asubuhi, baada ya chai, aliwasha mashine yake ya kupimia valvu, na vumbi lililotua juu ya valvu liliungua kwanza, ndipo ikafuata harufu ya risasi ya kulehemia. Kwa asiyezijua, valvu ni vichupa vya kioo vyenye vyuma vyembamba ndani, vinavyowaka rangi ya chungwa vikipata umeme, na amplifaya za wakati ule zilikuwa bubu bila hivyo. Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la chuma lenye matundu ya kuchomekea na mshale mmoja mwekundu. Baba aliinunua kwa Mhindi mwenye duka la redio karibu na stesheni, alipofunga duka lake na kuondoka. Tabora nzima hapakuwa na nyingine, na baba aliifunika kwa kitambaa cha mezani alichokitarizi mama.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na vitu vya kutoka nje vilikuwa adimu. Valvu mpya tulizisikia tu. Baba alipanda baiskeli akaenda hadi Ntalikwa, mara nyingine hadi Sikonge, akitafuta redio zilizokufa ili azitoe valvu zake, akarudi na mfuko umejaa vioo vilivyofungwa kwa pamba. Kazi ngumu ilianza hapo. Amplifaya ya gitaa hutaka valvu mbili zinazolingana mwishoni, pale sauti inapopewa nguvu, na unaweza kupima arobaini usipate jozi. Baba alinieleza kwa mfano wa babu yake, aliyekuwa mpagazi wa misafara ya kwenda pwani. Mzigo mzito ulining'inizwa kwenye mti, ukabebwa na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Walichaguliwa wenye kimo kimoja na hatua moja, kwani mmoja akiwa dhaifu, mzigo wote unamlalia mwenzake mpaka naye anaanguka. Nilipotimiza miaka kumi na mmoja nilikuwa napima mwenyewe, naandika namba kwenye karatasi, nakunja karatasi naifunga kwenye shingo ya valvu kwa uzi. Alinifundisha pia kutoziamini valvu zilizoingia hewa. Hizo hupima vizuri zikiwa baridi, lakini ukizisubiri robo saa, mshale unaanza kupanda wenyewe, polepole, na hausimami mpaka kitu kiungue. Hizo tulizitia kwenye kopo lake peke yake.

Maganga alikuwa mpiga gitaa mkuu wa bendi ya wilaya, mtu mrefu, mcheshi, mwenye suruali pana ambayo vijana wote wa mtaa waliitamani. Binti yake, Kabula, alikuwa rafiki yangu. Tulikaa dawati moja. Maganga alipoleta amplifaya ya bendi ikiwa imenyamaza, baba aliifungua akakuta valvu mbili za mwisho hazimo kabisa. Hakuuliza sana. Alipima kwa siku tisa, akapata jozi, akaitia, na amplifaya ikaimba. Wiki mbili baadaye kamati ilifanya ukaguzi wa mali ya umma, ikaona kwamba zile valvu mpya zilizokuja na amplifaya hazipo na mahali pake zimo kuukuu. Maganga aliitwa. Bila kupepesa macho alisema, "Muulizeni fundi."

Walikuja na balozi wa nyumba kumi na askari wawili. Baba alikaa mahabusu siku tatu, akatoka kwa kukosekana ushahidi, lakini mashine yake waliishikilia miezi miwili, na jina lake hawakulirudisha. Wateja waliacha kuja. Shuleni, watoto walionijua tangu nanyonya wakaacha jina langu, Tatu, wakaanza kuniita mtoto wa kupe, neno la siku zile kwa mnyonyaji wa mali ya umma. Mama alikwenda kisimani alfajiri sana ili asikutane na mtu. Baba mwenyewe alikaa barazani na mikono juu ya magoti, mikono ambayo sikuwahi kuiona imetulia.

Ukweli niliusikia kwa Kabula. Tulikuwa tunakula embe bichi kwa chumvi wakati wa mapumziko, akaniambia, kwa fahari na bila ubaya wowote, kwamba baba yake ana nyuzi mpya za gitaa za kutoka Kongo, alizobadilishana na mwanamuziki mmoja wa Kigoma kwa taa mbili za amplifaya, ndivyo alivyoziita valvu. Nilimeza ile embe bila kutafuna. Jioni nilimweleza baba. "Nani atamsikiliza mtoto wa kupe?" akasema, akaingia ndani. Hakulisema kwa dhihaka. Alikuwa ananiambia hali ilivyo. Usingizi wa usiku ule ulikuwa mtamu kwangu, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua.

Mashine iliporudishwa, nilianza kupima tena, na sasa nilikuwa natafuta kitu tofauti. Nilizipima zote za kopo la zilizoingia hewa, moja moja, nikiitazama saa ya ukutani. Nilitaka ile itakayovumilia nyimbo tatu au nne na kufa mbele ya watu. Niliipata siku ya sita, nikaificha kwenye soksi. Siku mbili kabla ya Saba Saba nilikwenda kwao Kabula kama nilivyozoea. Amplifaya ya bendi, ambayo Maganga aliitunza kwake, ilikuwa sebuleni, imefunikwa khanga. Mama yake alikuwa shambani, baba yake sokoni, na Kabula nilimwomba anichotee maji ya kunywa mtungini nyuma ya nyumba. Bisibisi ilikuwa kiunoni. Nilifungua skrubu nne, nikachomoa valvu moja ya jozi ya baba, nikachomeka yangu, nikafunga. Kabula aliporudi na kikombe, nilikunywa maji yote nikamshukuru.

Siku ya sikukuu uwanja ulijaa. Wakubwa walikaa chini ya turubai, jenereta ikinguruma nyuma ya jukwaa. Baba alikuja na koti lake la sherehe, jambo lililonishangaza, maana hakuwa ametoka nyumbani kwa wiki nyingi. Maganga alipiga wimbo wa kwanza kwa ustadi wa kuchukiza. Katika wa pili sauti ilianza kukwaruza. Katika wa tatu ikalia kama mbuzi aliyekamatwa, watu wakacheka, moshi mwembamba ukatoka nyuma ya sanduku, na gitaa likanyamaza kabisa. Nilicheka pamoja nao. Mkubwa mmoja chini ya turubai alisimama akauliza kama Tabora hakuna fundi.

Ndipo baba alipoinuka. Alipanda jukwaani taratibu, akafungua sanduku, akachomoa valvu zote mbili, akaziweka chini. Kisha akatoa mfukoni mwa koti kopo la maziwa, na ndani yake, katika pamba, fyuzi moja na valvu mbili. Nilizitambua. Zilikuwa jozi bora kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Lakini hakuzichomeka. Alizishika mkononi, akamwelekeza Maganga kwenye kipaza sauti cha wahutubu.

"Waambie kwanza nani alichukua zile mpya."

Maganga alitabasamu, akalitazama turubai, akaona mkubwa bado amesimama. Tabasamu likaisha. Alisema kitu kwa sauti ndogo.

"Nyuma hawajasikia," baba akasema.

"Nilizitoa mimi," Maganga akasema, na spika za uwanja mzima zikalitangaza. "Fundi hakuiba."

"Tena."

Alisema tena. Baba akachomeka fyuzi na valvu, muziki ukaendelea, na yeye akashuka kama mtu aliyetoka kununua chumvi. Nyumbani alinikabidhi ile valvu iliyoungua. "Kopo la zilizoingia hewa lilipungua moja," akasema. "Ningeweza kukuzuia." Hatukulizungumza tena mpaka alipofariki.

Maganga aliondolewa kwenye bendi, akaitwa na kamati, akahamia Sikonge kulima tumbaku. Wateja wa baba walirudi. Mimi niliirithi kazi, na siku hizi naagiza valvu kwa simu. Zinafika zimeshapimwa na kufungwa mbili mbili, na vijana wanaoniletea amplifaya za kanisani hawajui kwamba zamani jozi moja iliweza kumkalisha mtu siku tisa. Kila mara nimejiuliza kama nilikosea, na kila mara, nikimkumbuka mama akienda kisimani gizani, nimejibu hapana.

Mwaka jana nilikwenda Sikonge kutafuta asali. Mwanamke aliyekuwa akiuza kando ya barabara alinitazama usoni, akaniita kwa jina. Alikuwa Kabula. Tulishikana mikono, tukaulizana watoto. Aliniambia kwamba aliacha shule mwaka ule ule wa kuhama, akakaa kwenye moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku mpaka alipoolewa. Kisha, bila kubadili sauti, akasema, "Nilikuona kupitia dirisha. Ulikuwa unafunga skrubu ya mwisho."

"Mbona hukusema?"

"Habari ya nyuzi nilikupa mimi, nikajua unalipiza nini. Nilidhani ukishamaliza na baba yangu, utakuja kuniuliza mimi naishije. Nilikungoja, Tatu."

Niliinua chupa moja ya asali, nikaulizia bei, kwa kuwa nilihitaji kufanya kitu. Aliichukua mkononi mwangu, akaifuta kwa ncha ya khanga, akairudisha mezani pamoja na nyingine.

"Hizi nauza," akasema. "Wewe sikuuzii."

Nilipanda basi la kurudi Tabora mikono mitupu. Ningekuwa mimi ndiye yeye, nisingeuza pia.