Uzi wa Kiunoni

Mwanangu, kwanza nisamehe kwa mwandiko huu. Shule niliishia ya msingi, na mistari yangu hupanda na kushuka kama njia ya ng'ombe. Naandika polepole. Ukikuta neno nimelikosea, lisome kwa sauti, utanielewa.

Kuna alasiri moja ambayo haijanitoka kichwani. Miaka ya sabini ilikuwa imeanza tu, nami nilisimama barazani kwa Mama Dorsila, fundi wa nguo mtaani Kaloleni, uzi mweupe umefungwa kiunoni mwangu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mfupi, mwembamba wa mabega, na mwenye haya. Nikitumwa dukani nilirudia maneno njiani nisije nikakwama mbele ya mwenye duka.

Nguo zangu zote zilikuwa za dada yangu Risper, aliyerefuka kama baba yetu. Zikimbana yeye, nilipewa mimi, na mama alizikata chini na kuzipinda. Urefu ulipatikana, lakini kiuno cha gauni kilinikalia nyongani na mabega yaliniangukia mikononi. Nilionekana kama mtoto aliyechezea sanduku la mamake.

Sasa Risper alikuwa anaolewa Bondo, na alitaka niwe mpambe wake pamoja na rafiki zake watatu, wote warefu. Aliyesimamia harusi alikuwa shangazi yetu, Waya Turfena. Waya ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu. Hakupenda mstari usio sawa.

"Huyu ataonekana kama pengo katikati ya meno," alisema nikisikia. "Gauni likimkaa vibaya, atatembea na watoto wa maua. Nitamnunulia kikapu."

Watoto wa maua walikuwa bado hawajaanza shule. Usiku huo usingizi ulinipotea.

Mama Dorsila alikuwa mjane mnene aliyeongea na pini mdomoni bila kuziangusha. Kabla ya kukupima alikufunga uzi pale mwili unapojikunja ukiinama upande. Kisha alipima kutoka shingoni hadi kwenye uzi, na kutoka kwenye uzi hadi chini. Siku hiyo, baada ya kunifunga, aliingia ndani kutafuta chaki. Mimi nikausukuma uzi chini hadi nyongani. Aliporudi, nikainua visigino ndani ya sketi yangu ndefu. Niliamini kwamba gauni lenye vipimo vya mtu mrefu lingenifanya mrefu.

Alipima, akasita kidogo, akaendelea.

Wiki ya harusi nilirudi kulijaribu, Waya Turfena akiwa nami. Lilikuwa la satini ya buluu. Kiuno kilikuwa kule kule nyongani, mikunjo ya kifuani ilianza chini ya kifua, na nilipopiga hatua nilikanyaga upindo. Nikiinua mikono, gauni zima lilipanda nami.

"Si nilisema?" Waya Turfena alichukua mkoba wake. "Mimi naenda sokoni kutafuta kikapu."

Machozi yalinitoka. Mama Dorsila alizitoa pini mdomoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Nyathina," aliniita, yaani mtoto wangu, "ule uzi ulitembea wenyewe?"

Nikatikisa kichwa.

"Na visigino?"

"Niliviinua. Nilitaka kuwa sawa na wengine."

"Mimi nashona mwili uliokuja hapa, Awuor. Huo mwingine unaoutaka sijawahi kukutana nao." Akageuza upindo akiuangalia. "Bahati yako limekuwa kubwa. Lingekuwa dogo ningekwambia ukachukue kikapu."

"Utakata chini?"

"Chini ni mwisho. Nani alikudanganya kwamba mtu mfupi ni mtu mrefu aliyekatwa miguu? Wewe ufupi wako umegawanywa vizuri. Bega hadi kifua, kifua hadi kiuno, kiuno hadi goti. Kila mahali napunguza kidogo."

Akafumua mabega kwanza, akayainua na kuyapunguza upana, na mikunjo ya kifuani ikapanda ikakaa penyewe. Akapandisha kwapa ili mkono unyanyuke bila kuburuta gauni. Akafunga uzi upya, mara hii akinitazama, akakileta kiuno pale. Upindo aliuacha wa mwisho kabisa. Aliniambia niketi, niiname, niinue mikono kama ninayetua ndoo kichwani.

"Wapi panabana?" aliuliza, akianza kuzungusha cherehani.

"Hapana, ni sawa, Mama."

Akasimamisha cherehani, akakunja mikono. "Haya zako zitanishonesha vibaya. Nangoja."

Niliinua mikono tena. "Kwapani," nikasema. "Upande wa kushoto."

"Haya. Sasa tunafanya kazi."

Jumamosi, mlangoni mwa kanisa, Waya Turfena alitupanga. Kikapu changu alikuwa amekibeba, kimejaa maua. Akanitazama kuanzia shingoni, polepole, hadi kwenye viatu. Akanizungusha.

"Kumbe una kiuno," alisema.

Akamgeukia mtoto mmoja aliyesimama mikono mitupu, akampa kile kikapu. Nikaingia nyuma ya dada yangu nikiwa mfupi vile vile, visigino chini.

Mwanangu, fundi akikupima, kanyaga chini na miguu yako yote. Uache uzi pale mwili ulipouweka. Usikubali nguo inayokatwa upindo tu. Keti nayo, iname nayo, inua mikono. Pakibana, sema pale pale, maana ukinyamaza utaubeba mbano huo mpaka nguo ichakae. Na wewe unayeshona, mteja mwenye haya akikwambia ni sawa, simamisha cherehani umngoje.

Mungu akupe nguo zinazokujua, na watu wa kukuuliza wapi panabana. Akulinde kama ulivyo, bila kukuongezea wala kukupunguzia.

Nawe niandikie. Nieleze nguo yako ya kwanza iliyokukaa sawa, na ni nani aliyeishona. Nitasoma polepole kama ninavyoandika, lakini nitasoma yote.