Déo, Fundi wa Kukaza

Déo ni ndugu ya marehemu bibi yangu wa ndoa, Victorine. Simupendi. Nasema mapema, musije mukaniuliza. Mimi sikusoma, mujukuu wangu Grâce anaandika ninavyosema.

Déo alizaliwa Lusangi, akasoma kidogo, akaenda Salamabila kutengeneza mashini za kusaga mawe ya zahabu. Mashini ikipiga kelele, Déo anakaza. Ikikataa, anakaza tena. Mukaba, ule mukanda wa kuzungusha mashini, ukiteleza, anaupaka ulimbo, ile gundi ya muti tunayotegea ndege. Ukikatika, kosa ni la mukaba. Amefanya hivyo miaka makumi mbili, na watu wanamuita Ingénieur.

Alikuja hapa Wamaza kumuzika dada yake, akabaki. Alikuwa anatamani mulini.

Mulini, ile mashini ya kusaga muhogo, ilikuwa ya Victorine, jasho lake. Mimi nilikuwa nawasha motere tu. Siku ya saba ya kilio, Déo alisimama mbele ya familia yao.

"Huyu muzee aliacha dada yetu akufe. Mulini ataiua vilevile. Naipeleka Salamabila."

Bibi Mathilde, shangazi yao mukubwa, ndiye alikata maneno: "Siku ya kumaliza matanga, mulini isage unga wa wageni. Ikisaga, inabaki kwa muzee. Ikikataa, Déo abebe. Na wewe Déo, uitengeneze bila ujanja."

Mukaba wa zamani ulikuwa umekatika juma lile la kifo. Déo aliagiza mingine Salamabila. Mitatu ilikatika kwa mwezi mumoja. Mimi nilisema anafanya ujanja. Hapana. Ubaya wake ulikuwa mukubwa kuliko ule: hakujua kazi.

Siku ya kumaliza matanga ikafika. Wanamuke walipanga mabeseni ya muhogo. Déo akavalisha mukaba wa nne, akaulazimisha kwa chuma, akakaza. Nikawasha. Mukaba ulilia, ukatoa moshi. Mulini ilisimama na muhogo tumboni. Déo akashika kopo la ulimbo.

"Acha," nilimuambia.

"Shemeji, unajua kusoma namba?"

"Hapana."

"Mimi nasoma. Urefu wa mukaba huu ni ule ule wa zamani. Basi kaa kando, ulie bibi yako."

Watu walicheka. Nilizima motere, nikatia ukucha ndani ya puli, ile gurudumu yenye mufereji. Mukaba wa Victorine ulikuwa unajaza mufereji mupaka juu. Wa Déo ulizama, ukalala chini kabisa, na pale chini pakang'aa kama sahani. Mukaba unashika kwa mbavu zake. Ukilala chini, unateleza, unaungua. Ukiukaza, unaungua mbio zaidi.

"Urefu ni sawa," nilisema. "Upana hapana. Hii ni mikaba ya mashini zako za mawe."

Marie-Louise, jirani, naye akatia kidole. "Ee! Kweli umezama! Ingénieur, mutu muzima unamuvalisha suruali ya mutoto?"

Sasa walimucheka yeye.

Nilienda kwa Ayoubu, mwenye mashini ya mupunga. Puli yake ni sawa na yetu. Alifungua mukaba wake mwenyewe.

"Magaribi niuone hapa," alisema. "Ukikatika, na mimi nitaanza matanga."

Nilipangusa ulimbo kwenye puli zote mbili kwa mafuta ya taa. Nikalegeza motere, nikaisogeza, mukaba ukaingia bila chuma. Nikavuta uzi toka puli moja mupaka ingine: ya motere ilikuwa imeingia ndani kidole kimoja. Nikanyoosha. Nikakaza mupaka gumba likibonyeza, mukaba unashuka kidogo tu. Nikawasha.

Ilisaga mabeseni yote.

Bibi Mathilde alikamata unga, akausugua vidoleni. "Inabaki kwa muzee. Imekwisha."

Kwetu, siku ile ndugu ya marehemu ndiye anamunyoa mujane, ndipo mujane anakuwa huru. Wembe ulikuwa mukononi mwa Déo.

"Mimi nikunyoe? Utazikwa na hizo nywele."

Aliutupa wembe ndani ya vumbi, akafunga sanduku lake juu ya pikipiki, akaenda.

Bibi Mathilde aliuokota, akaupangusa kwenye kitambaa chake. "Inama."

Macho yake hayaone vizuri tena. Alinikata pahali pawili. Sikuondoa kichwa mupaka akamaliza.

Déo hajarudi Wamaza. Njia anaijua. Aiache.