Ugali wa Kastanye

Kabla sijaanza kumhudumia yule babu Mwitaliano wa Edmonton, kaskazini mwa London, Italia kwangu ilikuwa mpira na pizza. Yeye ndiye aliyenipeleka mlimani kwa hadithi, tukiwa tumekaa dirishani, mimi nikimpaka mafuta miguuni.

Kijiji chao kilibandikwa ubavuni mwa mlima, alisema, nyumba za mawe juu ya nyumba za mawe, hata kuku wa jirani wa juu aliweza kutua kwenye paa lako. Mawingu ya mvua ya mawe yakikusanyika, walipiga kengele ya kanisa ili yatawanyike.

"Yalitawanyika?"

"Mara nyingine. Lakini angalau mikono haikukaa bure."

Ngano haikukubali kule. Waliishi kwa kastanye, zile kokwa kubwa za kahawia ambazo hapa London huchomwa barabarani wakati wa baridi. Walizikausha kwenye kibanda cha moshi, moto chini, kokwa juu ya fito, kila nyumba ikishika zamu kuulinda moto usiwake sana wala usife. Kisha wakasaga unga. Vita vikapita, vijana wakashuka kutafuta kazi, yeye akaja huku kufyatua matofali, kijiji kikabaki na vikongwe na paka. Mimi nasikiliza huku najiona niko kule nimevaa koti zuri, napiga picha karibu na kengele. Niliapa nitakwenda.

Halafu babu akaacha kula.

Hakununa. Kijiko kikifika aligeuza uso kwa adabu, kama mgeni aliyeshiba. Binti yake, mama wa makamo anayekuja na koti mwilini na kuondoka nalo mwilini, akaniambia jikoni, "Daktari anakuja kesho. Asipokula wanamlaza. Na akilazwa harudi, wewe unajua."

Nilijua. Babu mwenyewe alikuwa ameniomba, si mara moja, nisikubali afie mbali na kiti chake. Kana kwamba mimi ndiye wa kukubali au kukataa.

Nikapanda basi hadi duka la Waitaliano, nikapata unga wa kastanye. Namna ya kuupika sikuuliza, unga ni unga. Nikachemsha maji, nikasonga kama nyumbani mpaka mwiko ukasimama, nikaupindua kwenye sahani. Ulikuwa wa kahawia iliyokolea, unanukia moshi na sukari.

Babu akautazama. "Nani kapika?"

"Mimi, babu."

"Mgumu kama kwato ya punda."

Wiki nzima hakuwa amesema maneno mengi kiasi hicho. Nikacheka, nikachukua kisu. Akanishika mkono.

"Kisu hapana. Uzi."

Nikachomoa uzi kwenye pindo la kanga niliyojifunga kiunoni. Akaupitisha chini ya ugali, akauvuta juu, kipande kikatoka safi. Akakata vingine, akavipanga kuzunguka meza akivitaja: cha baba, cha kaka, cha dada zake, wote marehemu. Kisha akakunja mikono akangoja.

"Kula, babu."

"Mwenye kukata hali kabla ya wengine."

Basi nikala cha baba. Nikala cha kaka. Ugali kweli kwato, machozi yananitoka huku namtabasamia.

"Mtamu?"

"Mtamu, babu."

Bado hakugusa. Alikuwa anatazama mlangoni, alikokuwa amesimama binti yake na simu mkononi.

"Mama, keti," babu akamwambia, kama anaongea na mama yake mzazi. "Kila siku unakula umesimama."

"Baba, ni mimi."

"Nimesema keti."

Binti akanitazama. "Kaa tu, dada," nikamwambia. "Nakuomba."

Akavua koti. Akakaa, akala, akakunja uso kama mtoto aliyepewa dawa. Kisha akamwambia babu jambo kwa Kiitaliano, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia mle ndani, taratibu, anatafuta maneno.

Babu akamega. Akatafuna muda mrefu. Akamega tena. Tonge la tatu akalirudisha kwenye sahani, akafumba macho.

"Mawili," binti yake akasema. "Daktari atacheka."

"Tumwambie nini?"

"Hivyo hivyo. Mawili." Akajifuta pua kwa kiganja. "Unga umebaki?"

"Umebaki."

"Zidisha maji, basi. Labda ukiwa laini."

Nikarudisha sufuria motoni.