Hesabu ya Swadiki Alfajiri

Daktari wa Arua hakumung'unya maneno: presha ya Swadiki ilikuwa imepanda kwa kukaa kutwa kwenye cherehani. Basi fundi huyo akarudi kwake Koboko, karibu na mpaka wa Kongo, akafyeka nyuma ya jiko, akasawazisha udongo, akajaza saruji kwenye makopo mawili ya rangi na kuyaunganisha kwa bomba. Huo ndio uzito wake wa kunyanyua.

Alfajiri ya kwanza akaunyanyua huku akihesabu kwa sauti kubwa, vile marehemu baba yake, askari wa zamani, alivyokuwa akihesabu gwaride kwa Kiswahili cha jeshi. "Moja! Mbili! Tatu!" Nyumbani kwake wanasema Kikakwa, lakini mazoezi yasiyo ya Kiswahili ni mazoezi gani hayo?

Alipofika ishirini akamwona Mama Kiden, bibi wa nyumba ya pili, akitoka mbio na godoro kichwani, akimburuta mbuzi kwa kamba.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kwa mpaka! Jeshi iko hapa. Wewe hausikii?"

Swadiki akaacha kunyanyua. "Mama, ni mimi. Iko mazoezi tu."

Bibi akamtazama Swadiki na singlendi yake iliyolowa jasho. Godoro hakulitua.

"Mwaka ule wa vita askari waliingia wakihesabu hivyo hivyo," akasema. "Mimi nilitoka hapa na watoto watano. Kongo nilifika na watatu."

Kesho yake Swadiki alinyanyua kimya kimya. Lakini moyoni hesabu haikukoma, na kila ilipofika tatu, aliutua uzito chini, kana kwamba nne na tano hazipo.