Bwana Aliyetaka Kununua Gesi ya Kisima Chetu

Yule bwana alimaliza mtori wote, ile supu yetu ya ndizi, akausifu mkono wa mama, ndipo akasema kilichomleta. Alitaka kununua gesi iliyo chini ya shamba letu. Si shamba, alisisitiza, gesi tu.

"Shamba litabaki lenu, mama. Mtaendelea kulima kama kawaida. Mimi nataka kile msichokiona wala kukitumia."

Tulikuwa barazani nyumbani kwa mama, Mwika, mimi na kaka yangu tumekaa pande zake mbili. Mama hakujibu. Yule bwana akaona kimya kile, akapandisha dau mwenyewe. Mimi nina duka la pembejeo pale Kiboriloni, na sijawahi kuona mnunuzi anayeongeza bei kabla muuzaji hajafungua mdomo. Nikamtazama vizuri. Viatu alikuwa amevivua mlangoni bila kuambiwa. Kabla ya kula alikuwa ameomba yeye, sala ndefu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusimama mbele ya usharika. Kila alichofanya kilikuwa cha heshima, na kila heshima ilizidi kunitia wasiwasi.

Shamba alilolisema haliko kule juu kwenye migomba na kahawa. Liko chini, tambarare, kuelekea Chekereni. Marehemu baba alilinunua akitumaini kulima mpunga, lakini maji ya mfereji hayakufika mwisho wa mashamba, na letu ndilo lilikuwa mwisho. Akaita wachimbaji wa visima. Maji yalipatikana, ila yalitoka yakichemka ilhali ni baridi, povu tupu, kama soda iliyotikiswa. Fundi mmoja alishuka kwenye shimo la mtambo kuokota spana, akalegea mle mle, wenzake wakamvuta kwa kamba. Alipona. Baba akafunika kisima kwa zege, na tangu hapo tulilima mahindi ya mvua, hatukukigusa tena.

Kwa hiyo swali langu la kwanza halikuwa bei. Lilikuwa hili: nani alimwambia?

Sikuhitaji kufikiri sana. Kaka yangu anaongoza wageni mlimani. Anakutana na watu wa kila aina, wenye fedha na wanaojidai kuwa nazo. Tena kwetu mtoto wa kike hahesabiwi sana kwenye ardhi, na nilijua kwamba siku mama atakapofumba macho, ningeambiwa kwangu ni kwa mume wangu. Mgeni alipoondoka, akiahidi kurudi baada ya juma moja, nilimfuata kaka hadi kwenye zizi la ng'ombe.

"Umemtoa wapi huyu mtu?"

Akaacha kukata majani. "Mimi? Nilidhani ni wa kwako. Wewe ndiye unayekaa sokoni na watu wa Moshi mjini."

"Usinizungushe, kaka."

"Na wewe usinizungushe, mdogo wangu. Mbona alikujua jina?"

Ni kweli, yule bwana alikuwa amenisalimia kwa jina langu. Tukaachana tukiwa tumenuniana, kila mmoja akiamini mwenzake ameshapewa kitu.

Kesho yake nilifunga duka mapema nikaenda mjini, kwenye ofisi inayoshughulika na madini. Nilimkuta mama mmoja wa makamo aliyenisikiliza mpaka mwisho bila kushika simu yake. Kisha akaniuliza, "Mnataka kuuza nini?"

"Gesi iliyo chini ya shamba letu."

"Si yenu," akasema. Alisema taratibu, kama anayempa mtu habari ya msiba. "Madini na gesi, vyote vilivyo chini, ni mali ya Jamhuri. Ninyi mna haki ya kulitumia shamba. Anayetaka kutafuta au kuchimba anaomba leseni serikalini, si kwa mama yako."

"Kwa hiyo hatuna kitu."

"Sijasema hivyo. Mwenye leseni akija, hawezi kuingiza mtambo kwenye mahindi yenu bila kuelewana na ninyi na kuwalipa fidia. Hicho ni chenu. Sasa kamuulize huyo mnunuzi wenu kama ana leseni. Tena mjue kwanza ni gesi gani. Ipo inayowaka, ipo inayozima moto. Bei zake hazifanani hata kidogo, na bila kupima hakuna anayejua kama ipo ya kutosha."

Nilitoka pale nikiwa na hasira zaidi kuliko nilivyoingia. Kama gesi si yetu, mtu mwenye akili zake ananunua nini kwetu?

Yule bwana aliporudi, nilikuwa nimeshamweleza mama kila kitu, na kaka naye alikuwa akisikiliza ingawa alijifanya anakoroga chai. Mgeni alitoa shikamoo, mama akaitikia marahaba, akamwonyesha kiti. Safari hii hapakuwa na mtori.

"Baba," mama akasema, "leseni unayo?"

"Iko kwenye mchakato, mama."

"Nimeambiwa hii gesi si yangu. Sasa wewe unanunua nini kwangu?"

Akatabasamu, akamtazama kaka, kisha mimi, kama anayetafuta aliyemharibia. Alipoona hakuna anayemsaidia, alisema ukweli, na ninakiri aliusema bila kupepesa.

"Nanunua makubaliano. Siku kampuni ikija na leseni, itazungumza na mimi, si na ninyi. Fidia itapita kwangu. Inaweza isije kabisa, mama, na hapo hasara ni yangu. Ndiyo biashara yenyewe."

"Na ikija?"

Akatazama funguo za gari mkononi mwake.

"Basi, aika, asante, baba," mama akasema. "Nenda salama."

Gari lake lilipokata kona ya kanisani, kaka akanigeukia. "Haya, sema sasa. Nani alimleta?"

"Mimi," mama akasema.

Akaeleza kwamba walikutana kwenye mazishi huko Kiboriloni, mtu akamsimulia yule bwana kuhusu kisima chetu chenye povu, naye akamfuata mama kumuuliza. Mama ndiye aliyemtajia majina yetu na kumkaribisha.

"Nilitaka niuze nikiwa hai, niwagawie kwa mkono wangu. Nimeona ndugu wanavyopelekana mahakamani kwa ajili ya migomba. Nikasema ugomvi wa hicho kisima utawaua ninyi kabla ya gesi yake." Akatutazama. "Na juma hili zima mlivyokuwa mkiviziana humu ndani, mnadhani sikuona?"

Kaka alitoka nje. Mimi nilikusanya vikombe.

Hatukuuza. Rafiki wa kaka anayefundisha kemia alikuja na mitungi yake, tukatoboa zege, akachukua hewa ya kile kisima, akatuambia ni ile inayozima moto, ile inayotiwa kwenye soda. Ina soko, akasema, ila kiasi kilichopo hajui, na hakuna wa kujua bila kuchimba. Mama alitupeleka ofisi ya ardhi, shamba likaandikwa kwa majina yetu sote watatu, langu likiwemo, asiwepo wa kuuza peke yake. Kaka alitia saini. Siku hiyo tulikula pamoja mjini, tukaongea habari za bei ya mbolea.

Jirani yetu wa tambarare yeye aliuza makubaliano ya shamba lake kwa yule bwana. Alijenga choo kizuri na kununua pikipiki, nasi tukaonekana wajinga. Mwezi uliopita alikuja dukani kwangu, akasimama pembeni hadi wateja walipoisha.

"Kuna vijana wamepita na vipimo," akasema. "Wamesema wana leseni. Nikawauliza habari ya fidia ya shamba langu, wakaniambia wanazungumza na mwenye makubaliano." Akashusha sauti. "Dada, yule bwana simu yake haipatikani. Wewe una namba nyingine?"

Sikuwa nayo. Nilimpa kiti akae, nikampigia kaka simu aje tumsindikize ofisi ya madini.