Mwalimu Aliyepiga Akitazama Ukuta

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau mpaka leo. Umeniambia unataka kusomea ualimu wa saksofoni na kufundisha muziki wa jazi. Vizuri. Basi kaa hapa, mjukuu wangu, nikusimulie, kwa sababu njia hiyo mimi niliianza kabla baba yako hajazaliwa, na sikufika.

Miaka ile ya ujamaa kila kijiji kilitaka kuwa na bendi yake ya jazi. Kijiji chetu, huko upande wa Kisiba, kiliahidiwa vyombo na wakubwa wa mkoa, ila kwa sharti moja: kwanza apatikane kijana wa kuwafundisha wenzake. Mkutano ukanichagua mimi. Nikapelekwa Tukuyu mjini kwa Mwalimu Ambokile, mpuliza saksofoni wa bendi ya dansi pale. Mtu yule alipopuliza, hata wanawake waliokuwa wakienda sokoni na mikungu ya ndizi kichwani walisimama na mzigo wao. Muda wote niliokuwa kwake, wenzangu walilima sehemu yangu katika shamba la kijiji. Jua na mvua, walinilimia. Weka jambo hilo akilini, kwa maana hapo ndipo uchungu wangu ulipo.

Sasa sikia mafundisho yalivyokuwa. Mwalimu alinikalisha kwenye kigoda katikati ya ukumbi, yeye akasimama akitazama ukuta, akanipa mgongo, akapuliza. Akimaliza, ananipa saksofoni na kusema, “Haya, fuata.” Vidole vyake sikuviona hata mara moja. Akibadili kile kijimwanzi cha mdomoni kinachotoa sauti, alitoka nje akabadilia huko. Wapigaji wengi wa zamani walikuwa hivyo, waliogopa kuibiwa ufundi wa vidole vyao. Lakini mimi sikuwa mwizi jamani! Nilikuwa nimetumwa na kijiji kizima.

 Kwetu mtoto hamhoji mtu mzima, na nilijipa moyo kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama mpaka kiuno kikaniuma. Nikawa nashika nyimbo kwa sikio tu, kama kasuku.

Siku hiyo ninayokuambia, baba yangu alikuja kunitazama, amebeba maziwa kwenye kibuyu na mkungu wa ndizi kwa ajili ya mwalimu. Mvua ya Tukuyu unaijua, haina adabu, ilikuwa inapiga bati mpaka watu hawasikilizani. Akasimama mlangoni, akatutazama, mmoja kwenye kigoda, mwingine ameelekea ukutani. Mvua ilipopungua akasalimia kwa Kinyakyusa chetu, “Mugonile,” akaweka mzigo chini.

“Tata,” akamwambia mwalimu, akimwita baba kwa heshima zote, “huyu kijana tulikuletea umfundishe. Mbona unamfundisha mgongo?”

Mwalimu hakukasirika. Alifuta mdomo wa saksofoni polepole, akasema, “Bendi inataka mpulizaji mmoja tu. Huyu ana mapafu mapya. Nikimwonyesha vyote, mwaka kesho mimi nitakuwa nani?”

Baba akakaa kwenye benchi. Alikuwa ameiona ubusoka kwa macho yake, ile sherehe ya wazee wetu Wanyakyusa ya kuwakabidhi vijana nchi, wazee wakae kando. Akamkumbusha hayo. Akamwambia, “Chifu wetu alikabidhi angali na nguvu zake. Hakungoja aanguke.”

“Na baada ya kukabidhi,” mwalimu akauliza, “alihesabiwa tena kuwa mtu?”

 Baba hakuwa mtu wa kudanganya, hata pale ambapo uongo ungemsaidia.

“Hapana,” akasema. “Hakuhesabiwa. Lakini nchi ilibaki na watu.”

Mwalimu alishukuru kwa maziwa, “Ndaga fijo, tata,” kisha akageukia ukuta wake. Baba akaondoka akiwa amelowa.

Mwanangu, sitamsema mwalimu kwa ubaya wote. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Bendi zile zilimtupa mtu kama ganda la ndizi. Ila mficha uchi hazai, na yeye aliuficha mpaka wakati ukapita.

Ikafika siku ya kuonyesha nilichojifunza. Kijiji kizima kilikusanyika mbele ya shule, mwenyekiti wetu na afisa utamaduni wamekaa mbele. Nikapuliza wimbo mmoja kwa saksofoni aliyokuja nayo afisa, watu wakapiga vigelegele. Nikapuliza wa pili. Nilidhani nimeshinda. Ndipo afisa akasema, kwa upole kabisa, “Tumekusikia. Sasa mfundishe huyu,” akamsimamisha msichana mmoja kutoka mstari wa mbele.

Yule binti akapuliza, ikatoka sauti ya mbuzi anayekabwa. Akaniangalia. Watu wote wakaniangalia. Afanye nini na midomo? Pumzi aitoe wapi? Kidole kipi kwanza, na kwa nini? Sikuwa na neno hata moja la kumpa. Nilichokijua kilikuwa masikioni mwangu, na huko hakikuweza kutoka kumfikia mtu mwingine. Nikabaki nimesimama mbele ya watu walionilimia, nikiwa na nyimbo mbili na ububu.

Vyombo vilipelekwa kwingine. Hakuna aliyenitukana. Ila mama mmoja, aliyekuwa akilima sehemu yangu pamoja na yake, alinipita akasema bila kunitazama, “Jembe lako tulikutunzia.” Afadhali angenipiga kofi.

Miaka ikapita, tukaanza kuchuma chai. Siku moja nikaitwa Tukuyu: Mwalimu Ambokile ananitaka. Nikamkuta meno ya mbele yameisha, na asiye na meno ya mbele hapulizi saksofoni, upepo unamtoroka. Bendi ilikuwa imeshamwacha. Akanikalisha mbele yake, uso kwa uso, akaanza kunionyesha vidole, hiki hapa, hiki pale, sasa sikia, halafu anapuliza na inatoka hewa tupu. Akajaribu tena. Machozi yakamtoka mzee wa watu, na mimi pia nikalia, lakini nikuambie kweli, nilikuwa nalia kwa hasira. Vidole vyangu wakati huo vilikuwa vya chai, vigumu kama kuni. Alipofariki alizikwa na nyimbo zake zote. Zunguka leo Rungwe nzima, kutoka Kyimo mpaka Suma, hutampata anayeweza kupuliza hata moja.

Basi nasaha yangu ni hii. Mwalimu akikuficha, muulize, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Akizidi kukuficha, muage kwa heshima ukatafute mwingine, usimalize ujana wako ukingoja huruma ya mtu mwenye hofu. Na wewe ukishakuwa mwalimu, hofu hiyo itakujia, usidhani utaikwepa. Siku utakapomsikia mwanafunzi wako anapuliza vizuri kuliko wewe, utatamani kugeukia ukuta. Fundisha hivyo hivyo, uso kwa uso.

Mungu akupe pumzi ndefu, mwanangu, na akupe mwanafunzi wa kukupita. Mimi sina wa kunipita.