Foleni ya Mitungi

Mama yangu amewaambia watu wa kwetu Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwamba mimi hufundisha kuchora. Si kweli. Ninafundisha historia ya sanaa katika chuo kimoja Nairobi, kazi ambayo ni kuangalia vitu walivyotengeneza wengine na kueleza kwa nini walivitengeneza hivyo. Kuchora sijui kabisa. Lakini kila nikijaribu kumfafanulia mama, ananiuliza kama kweli kuna mtu anayelipwa mshahara kwa kuangalia, na hapo naona heri nibaki mwalimu wa kuchora.

Heshima hiyo iliwahi kuniponza. Jirani yetu mwenye bucha aliomba nimchoree ng'ombe ukutani, na mama akanikubalia kabla sijafungua mdomo. Nilichora asubuhi nzima. Ng'ombe alipokamilika alikuwa na masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja juu, na wateja wakaanza kumuuliza mwenye bucha, kwa upole, nyama yake anaitoa wapi. Hata Jumapili haikufika, akampaka chokaa. Mama alisema rangi ndiyo iliyokuwa mbovu.

Kwa hiyo jumba la makumbusho ninalolisaidia huko Nairobi lilipoamua kupeleka maonyesho ya sanaa ya kisasa nje ya jiji, na mtu akataja mpakani, wote mezani walinigeukia mimi. Nilikubali kwa furaha ya kijinga. Nilifikiri sasa mama ataiona kazi yangu kwa macho yake, na mjadala utaisha.

Padre wa parokia yetu alitupa ghala la zamani la pamba nyuma ya kanisa, pamoja na ua wake. Ndani tulitundika picha. Uani tuliweka kazi kubwa kuliko zote: mitungi ya plastiki ya njano, hii hii ya maji, iliyopangwa mstari mmoja kutoka langoni hadi ukutani. Msanii wake alikuwa kijana wa Kisumu, mpole, mwenye rasta zinazofika kiunoni, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiiokota kando ya barabara ya malori. Aliiita kazi hiyo Kungoja. Alitaka mtu akiitazama ayaone malori yanayolala foleni kuelekea forodhani, na madereva wanaonyolea ndevu kwenye vioo vya pembeni, na nchi nzima iliyosimama ikitarajia kitu ambacho haijaambiwa ni nini.

Mimi niliipenda kweli. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima juu yake, na zaidi ya nusu ya ukurasa ule ilihusu vumbi. Kila mtungi ulikuwa umevaa vumbi jekundu lililogandamana na moshi wa dizeli, na niliandika kwamba humo ndimo barabara imejiandika yenyewe. Kwa ajili ya vumbi hilo mkuu wa makumbusho, mama mmoja asiyependa mzaha, alinikabidhi glavu nyeupe za pamba na kuniagiza kwamba mtungi wowote usiguswe kwa mkono mtupu.

Mama alikuja tulipokuwa bado tunapanga. Alinikuta nimeinama na glavu zangu, nikiusogeza mtungi kidogo kushoto, kisha nikiurudisha. Alitazama mstari wote, kichwa hadi mkia.

"Maji inakuja saa ngapi?" akauliza.

Mifereji ya mtaa wetu ilikuwa mikavu tangu juma lililotangulia, kwa hiyo swali lake halikuwa la ajabu. Nilimweleza kwamba hii si foleni ya maji, ni sanaa. Nilimweleza kuhusu malori na kuhusu subira. Nilimwambia kwamba kitu cha kawaida kikiwekwa mahali pa kutazamwa, jicho hukiona upya. Mama alinisikiliza kwa adabu, kama anavyowasikiliza wataalamu wa kilimo, akitikisa kichwa mahali panapostahili.

"Sawa, nimeelewa," akasema. "Lakini ni leo ama kesho?"

Asubuhi iliyofuata nilipofika foleni ilikuwa imekua. Ilikuwa imetoka nje ya lango, ikakunja kona na kuufuata ukuta wa kanisa. Mitungi mipya ilikuwa imefunikwa kwa magunzi ya mahindi na vipande vya nailoni, mingine imewekewa jiwe juu ili mwenyewe atambulike. Mtungi wa mama yangu ulikuwa mbele ya mipya yote, mara tu baada ya sanaa. Mlinzi, mzee mwenye koti la mvua hata wakati wa kiangazi, aliniambia kwamba nilimwagiza asimzuie mtu yeyote anayetaka kuingia, naye hakuzuia.

Nilimpigia msanii simu, akaja mbio kutoka nyumba ya wageni alikolala. Nilitarajia akasirike. Alisimama langoni akaitazama foleni mpya kwa muda mrefu, kisha akaniomba kwa sauti ya chini nisiiguse. Alisema kazi yake sasa ndiyo imeanza kuwa kazi. Nikampigia mkuu wa makumbusho, ambaye alikuwa akijiandaa kuja kwenye ufunguzi wa kesho yake. Alitaka kujua mitungi yetu ni ipi na ya watu ni ipi. Nilimjibu kwamba yetu ni ile inayofanana na mitungi ya maji. Simu ikakatika, na mpaka leo hasemi kama ni yeye aliyekata au ni mtandao.

Wakati huo wenye mitungi walikuwa wamejaa uani, na hawakuwa na furaha. Mbele yao palikuwa na mstari mrefu wa mitungi isiyo na mwenyewe, na mlinzi alikuwa amewaambia kwamba yote ni ya madam. Mwanamke mmoja anayeuza chapati karibu na kituo cha malori alinijia, mikono kiunoni.

"Mwalimu, kwenu ni wewe na mama yako tu," akasema. "Hii mitungi yote ni ya kuosha nini?"

Nilimwambia kwamba mitungi ile haihitaji maji. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kuna mbuzi asiyetaka majani. Basi kama haihitaji maji, alisema, itoke kwenye laini, ipishe yenye shida. Nikasema haiwezi kutolewa kwa sababu hairuhusiwi kuguswa. Watu waliangalia glavu zangu, wakaangaliana wao kwa wao. Nilimtafuta mama kwa macho ili anitetee. Alikuwa amejificha nyuma ya mama mwingine mnene, akiangalia mnara wa kanisa kwa makini sana.

Hapo ndipo trekta la misheni lilipoingia likivuta tangi la maji. Kumbe padre, akinywa chai barazani kwake, alikuwa ameiona foleni ile inayouzunguka ukuta wa kanisa lake, na moyo ukamuuma. Alidhani waumini wameleta shida yao mlangoni kwa Mungu na wanaona haya kusema. Alimwagiza dereva ajaze tangi kwenye kisima cha misheni na kuleta mara moja.

Dereva alishuka, akakunjua mpira wa maji, akaenda moja kwa moja kwenye mtungi wa kwanza wa sanaa. Nilijiweka mbele yake, nimeinua glavu zangu kama askari wa trafiki. Nilimwomba aanzie nyuma yangu, kwenye mitungi ya watu. Akakataa. Alisema amebeba maji miaka mingi, na siku aliyoruka mtungi mmoja tu huko Adungosi alirudi nyumbani bila kofia na bila kiatu. Foleni ni foleni, anaanza mbele.

Msanii alinigusa bega. "Acha ajaze," akasema. "Nimekaa miaka na hii kazi ya kungoja. Sijawahi kujiuliza kile kitu kikikuja itakuwaje."

Nikapisha. Dereva alijaza mtungi wa kwanza, wa pili, akaendelea. Lakini mitungi ile ilikuwa imeokotwa barabarani, na baadhi yake ilikuwa imekanyagwa na malori. Maji yaliingia juu yakatokea chini, yakachora mfereji uani na kufanya tope jekundu, na akina mama walisimama kimya wakiyatazama yanavyopotea ardhini. Ukimya ule ulinitia hofu kuliko kelele. Nilikuwa nahesabu moyoni njia za kutoka.

Mama yangu ndiye aliyetoka kwenye kundi. Aliuinua mtungi wa kwanza wa sanaa, kwa mikono yake mitupu, akaumimina kwenye wake. Kisha akampa muuza chapati mtungi wa pili, kama anayegawa sahani kwenye matanga. Wengine wakafuata. Dereva akawa anajaza sanaa, na akina mama wanaihamisha sanaa kwenye mitungi yao, na aliyekuwa na mtungi mmoja tu akaondoka na miwili, kwa sababu ile isiyovuja ilionekana kuwa mizuri kuliko ilivyotarajiwa. Kazi yangu ilikuwa kuwazuia. Badala yake nilivua glavu na kumshikia muuza chapati mdomo wa mtungi wake ili yasimwagike. Hakunishukuru, lakini aliniambia nishike vizuri.

Jioni uani palibaki mitungi inayovuja na tope. Nilimweleza padre yaliyotokea, na katika misa ya asubuhi iliyofuata aliomba kila aliyechukua mtungi wa maonyesho aurudishe. Watu wa kwetu ni waungwana. Kabla mkuu wa makumbusho hajafika, mitungi ilikuwa imerudi yote, na kwa heshima ya wageni ilikuwa imesuguliwa, pamoja na ile inayovuja, kwa mchanga, majivu na sabuni ya kipande. Ilimeta kama mahindi mabichi. Vumbi langu lote, ukurasa wangu wote, lilikuwa limemwagwa kwenye migomba ya watu. Msanii alikaa kwenye ngazi za ghala, akajifunika uso kwa rasta zake, na mabega yakatikisika. Nilimsogelea kumpa pole, nikakuta anacheka.

Mkuu wa makumbusho nilimweleza kila kitu bila kuficha. Aliuliza kama bima yetu inashughulikia kuoshwa. Sikujua. Tukafungua maonyesho hivyo hivyo.

Watu walikuja wengi kuliko tulivyowahi kuona jijini. Akina mama walileta jamaa zao na kuwaonyesha mtungi gani umesuguliwa na nani. Picha za ndani ya ghala hazikutazamwa sana, ila moja yenye rangi ya zambarau ambayo mzee mmoja alisema inamkumbusha tumbo lake. Dereva wa lori kutoka Uganda alipotaka kuketi juu ya mtungi avute sigara, muuza chapati alimfokea kutoka ng'ambo ya ua.

"Ondoka hapo, ssebo," alimwambia, akimwita bwana kwa Kiganda. "Hiyo ni sanaa."

Mama alinitazama wakati huo, akaniuliza kama nimekula.

Siku tuliyopakia vitu kurudi Nairobi, mwenyekiti wa kamati ya kanisa alinivuta kando. Alisema wameyapenda maonyesho sana, na wamekaa kikao. Alinielekeza nitazame juu, kwenye paa la kanisa upande wa kwaya, ambapo mwanga ulikuwa unapita mahali pengi. Walitaka kujua, alisema kwa unyenyekevu, kama yule kijana mwenye rasta anaweza pia kutengeneza sanaa ya mabati. Nilimfikishia msanii ujumbe. Akauliza paa lenyewe lina ukubwa gani.